Dawa Ilikuwa Inaishia Ardhini: Gundi, Maji na Bomba Katika Vitunguu vya Mang'ola

Jani la kitunguu ni gumu kulipulizia dawa. Limesimama wima, ni la mviringo, na limevikwa nta. Tone likitua juu yake linajiviringa na kuteremka, kama maji juu ya bati lililopakwa mafuta. Na mdudu anayelitesa, kithiripi, hakai mahali pa wazi. Anajibanza kwenye shingo ya kitunguu, pale majani machanga yanapobanana, akikwangua na kufyonza. Mambo hayo mawili yakikutana, utamkuta mkulima wa Mang'ola, wilayani Karatu, anabadilisha dawa kila wiki, anaongeza kipimo, anachanganya chupa tatu kwenye bomba moja la mgongoni, na majani bado yanageuka rangi ya fedha na kujikunja ncha.

Nilikodi ekari mbili upande wa Barazani, nikapanda Mang'ola Red kwenye majaruba. Miche ilishika vizuri. Kisha kiangazi kikakolea, upepo ukaanza kutoka upande wa Ziwa Eyasi na vumbi lake, na vithiripi wakaingia. Joto na ukavu ndiyo raha yao. Mvua kubwa huwasomba kwenye majani, lakini kiangazi hakuna wa kuwasomba.

Vijana wa kupiga dawa kwetu hulipwa kwa bomba. Tulianza na pairethroidi ile inayouzwa kila duka. Haikufanya kitu cha maana. Tukahamia profenofosi, wadudu wakapungua siku chache wakarudi. Halafu tukaanza kuchanganya: hii na ile, na mbolea ya majani juu yake, kwa sababu jirani naye alichanganya. Gharama ya dawa ikapita gharama ya mbegu, na mimi nikafikia kuchukia kuingia shambani jioni. Unapanua majani ya katikati kwa vidole, unawaona palepale, wa manjano, wanatembea bila wasiwasi. Usiku napiga hesabu kwenye simu, naifunga kabla sijafika jumla.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja Mmbulu wa shamba la pili, aliyekuwa akipita kwenda kufungua maji yake mferejini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umepiga leo?"

"Tumemaliza sasa hivi."

"Hebu inama uangalie chini."

Chini ya kila mstari wa vitunguu udongo ulikuwa umelowa, na juu ya ule unyevu kulikuwa na michirizi myeupe ya dawa. Mzee akapanua shingo ya kitunguu kwa kijiti. Ndani pakavu kabisa. Akasema, "Dawa unayo. Haijafika tu," akaenda zake kwenye maji.

Kupima kama dawa inafika ni rahisi, na ningependa kila anayelima kitunguu apime kabla ya kununua chupa nyingine. Afisa ugani aliniletea vikaratasi vya njano ambavyo hugeuka buluu kila tone la maji linapovigusa. Tulivikata vipande vyembamba, vingine tukavibana kwenye majani ya nje, vingine tukavisokomeza katikati ya shingo, kisha kijana akapiga maji matupu, bila dawa, kwa mwendo wake wa kawaida. Vya nje vilitoka na madoa makubwa makubwa yaliyoungana. Vya ndani vilibaki njano, na nukta za kuhesabika. Ukikosa vikaratasi hivyo, tia rangi ya chakula kwenye maji na utumie karatasi nyeupe. Haitakuonyesha vitone vidogo vizuri, lakini itakuonyesha kama ndani pamefikiwa.

Basi tatizo likawa na sura: maji hayashiki kwenye nta, na hayaingii shingoni. Vijana wakasema dawa yake ni sabuni. Kila mtu Mang'ola ameshawahi kutia sabuni ya unga kwenye bomba, na nasi tukatia.

Sabuni inapunguza kujiviringa kwa matone, hilo ni kweli. Lakini maji yetu yalikuwa ya kisima, magumu, yenye chokaa nyingi. Kwenye maji ya namna hiyo sabuni ya kipande, ukiikwangua na kuikoroga, huungana na ile chokaa ikafanya utando mweupe unaoziba chujio na nozeli, kile kitundu cha kutolea dawa. Sabuni ya unga haifanyi utando sana, ila ina magadi yake, kwa hiyo inapandisha pH ya maji (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, maji yana magadi zaidi) ambayo tayari iko juu, na tutaona baadaye kwa nini hilo ni baya. Inatoa povu mpaka bomba linafurika kabla halijajaa, dawa inamwagika mgongoni kwa mpigaji. Na kipimo chake hakijulikani. Konzi ya mmoja si konzi ya mwingine. Kwetu, majaruba yaliyopata konzi kubwa yaliungua ncha za majani. Nta inayotusumbua sisi ndiyo inayomlinda kitunguu asikauke na asiingiwe na ukungu. Ikioshwa, vidonda vya vithiripi na jani lisilo na kinga vinamkaribisha baka zambarau, ugonjwa wa ukungu, na baka zambarau alikuja.

Baada ya hapo nikaenda duka la pembejeo Karatu kuuliza stika. Dukani kila kiongezeo kinaitwa stika au gundi, na hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu viongezeo hivi havifanyi kazi moja. Kuna cha kutandaza: kinashusha mvutano wa uso wa maji ili tone lilale na kutambaa badala ya kusimama kama gololi. Kuna cha kunatisha, ambacho ndicho gundi halisi: kinakauka na dawa ikabaki juu ya jani hata ikinyeshewa. Kuna cha kupenyeza, mara nyingi chenye mafuta, kinachosaidia dawa kuvuka nta na kuingia ndani ya jani. Na kuna vya kurekebisha maji yenyewe, kushusha pH au kufunga chokaa. Chupa moja inaweza kuwa na kazi mbili. Muulize muuzaji kinafanya nini. Akikujibu tu "kinaongeza nguvu ya dawa", soma lebo mwenyewe.

Nilichonunua ni cha kutandaza chenye silikoni. Kwa wapenda namba: maji matupu yana mvutano wa uso wa kama 72 kwa kipimo cha milinewtoni kwa mita, viongezeo vya kawaida vya kutandaza huushusha hadi 30 na kitu, vya silikoni hadi 20 na kitu. Tofauti unaiona kwa macho. Dondosha tone la maji kwenye jani la kitunguu, kisha tone la maji yenye silikoni. La pili linatoweka kwa kutambaa na kuacha jani likiwa limelowa lote.

Tukashangilia mapema mno. Mara ya kwanza tuliyoitumia shambani, udongo ulilowa kuliko mwanzo. Sababu ni mbili, na sijaona mahali zinapoelezwa kwa mkulima mdogo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ya kwanza ni kipimo. Lebo ilisema mililita 50 hadi 100 kwa lita 100 za maji. Kwa bomba la lita 16 hiyo ni mililita 8 hadi 16. Kijana alitumia kifuniko cha chupa, na kifuniko kikijaa kilibeba zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo kiongezeo kinapimwa kwa sirinji, nayo ni sirinji ya shamba tu, hairudi nyumbani.

Ya pili, kubwa zaidi, ni wingi wa maji. Tulikuwa tunapiga bomba 13 kwa ekari, zaidi ya lita 200. Wingi huo ulizoeleka kwa sababu maji matupu hayashiki, kwa hiyo mtu anapiga mpaka jani lichuruzike. Ukishatia kiongezeo, maji kidogo yanatosha kulowesha jani lile lile, na yale ya ziada yanateremka yote chini yakibeba dawa. Kiongezeo kizuri na maji mengi ni njia ya haraka ya kupeleka dawa ardhini. Tulipunguza polepole, kila mara tukirudi kwenye vikaratasi vya njano, mpaka tukatulia kwenye bomba 9, kama lita 145 kwa ekari. Hapo shingo ilipata vitone vingi, vidogo vidogo, na udongo ukabaki na vumbi lake. Sikushuka zaidi ya hapo. Kitunguu kina sehemu nyingi zilizojificha, na maji yakiwa machache mno ndani hapafikiki tena hata ukitia silikoni.

Ila hesabu ya dawa ibadilike pamoja na maji. Tuseme lebo inataka mililita 300 kwa ekari: kwa bomba 13 kila moja inapata 23, kwa bomba 9 kila moja inapata 33. Ukipunguza maji na kuacha kipimo cha bomba palepale, umepunguza dawa ya ekari bila kujua, na utalaumu stika. Lebo nyingine hazitaji ekari, zinataja mkolezo tu, mililita kadhaa kwa lita 20. Kwa hizo mimi siongezi mkolezo kwa kubahatisha. Namtafuta afisa ugani.

Kujua ekari yako inakunywa bomba ngapi si kazi. Pima mita 10 kwa 10, jaza bomba maji matupu hadi alama, mwache mpigaji apige eneo hilo kwa mwendo wake, kisha pima maji uliyoongeza kulirudisha kwenye alama. Zidisha kwa 40, ni ekari moja kwa karibu sana. Wakati huohuo angalia nozeli. Zetu zilikuwa za plastiki, zimeliwa na mchanga wa maji, tundu limepanuka, zinatema matone mazito. Hakuna kiongezeo kinachorekebisha nozeli iliyokufa, na nozeli ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua msimu ule. Tulichukua za koni tupu (zinazotema duara lenye uwazi katikati) zenye tundu dogo na vijana wakaambiwa washushe mkono, wapige kutoka pande mbili za mstari.

Sasa maji. Nilinunua karatasi za kupimia pH, na kisima chetu kikasoma juu ya 8. Dawa nyingi za jamii ya ogano-fosforasi na kabamati huvunjika kwenye maji ya namna hiyo, na kadiri pH inavyopanda ndivyo zinavyovunjika haraka. Profenofosi, ambayo ni ya jamii hiyo ya kwanza, kwenye maji ya pH 7 hukaa siku nyingi kabla nusu yake haijapotea. Kwenye pH 9 nusu inapotea ndani ya saa chache. Kaptani, dawa ya ukungu, ndiyo dhaifu zaidi: pH 9 inaimaliza kwa dakika. Sisi tulikuwa tunakoroga pipa zima asubuhi na kulitumia hadi jioni, na siku nyingine kubakiza kwa ajili ya kesho, juani, pamoja na magadi ya sabuni. Pairethroidi huvumilia zaidi, kwa hiyo usidhani maji ndiyo kisingizio cha kila dawa iliyoshindwa.

Tulianza kushusha pH kwa asidi ya ndimu ya unga, kidogo kidogo, ukipima, hadi kati ya 6 na 7, kabla ya kutia chochote kingine. Usishuke zaidi ukidhani ni bora zaidi. Vile vya silikoni huvunjika pH ikiwa chini ya 5 au juu ya 9. Na ukipiga dawa za shaba usitie asidi kabisa, kwa sababu shaba ikiyeyuka sana huunguza majani. Lakini lililosaidia kuliko asidi ni la bure: kukoroga bomba moja na kulipiga palepale.

Utaratibu wa kukoroga tuliouandika kwenye ubao wa stoo ni huu: maji nusu bomba, kirekebisha maji kama kinahitajika, kisha dawa za unga, koroga hadi ziyeyuke, kisha za maji mazito, kisha zile za mafuta, jaza maji, na kiongezeo cha kutandaza mwisho kabisa. Kikitangulia unapata povu. Na mchanganyiko mpya wowote tunaujaribu kwanza kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, kwa vipimo vilevile vilivyopunguzwa, tunaiacha nusu saa. Ikikatika kama maziwa yaliyoganda, ikatuama au ikapata joto, hauendi shambani. Chupa hiyo hutobolewa baada ya kazi ili mtoto asije akaiokota kuchotea maji.

Mvua zilipokuja mambo yaligeuka, na silikoni niliyoisifu ikawa siyo chaguo. Dawa ya ukungu kama mankozebu inafanya kazi ikiwa imekaa juu ya jani. Haihitaji kuingia ndani. Hapo unataka cha kunatisha. Kinyume chake, dawa ya vithiripi ambayo inabidi ipenye nta ili ifanye kazi, kama spirotetramati au abamektini, inataka cha kutandaza na kupenyeza, na ukiichanganya na dawa ya ukungu yenye gundi yake inabaki imenaswa juu. Tulikuwa tunazichanganya ili kuokoa ujira wa bomba. Siku hizi zinapigwa siku tofauti, na ndiyo, inaongeza gharama.

Kwa magugu ya kingo za mfereji neno moja tu: glaifoseti hushikwa na chokaa ya maji magumu na pia na tope. Tumia maji safi, na yeyusha kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia), gramu 200 hadi 400 kwa lita 20, uichuje kwa kitambaa kabla ya kutia dawa.

Kuna ambayo kiongezeo hakikuyagusa. Vithiripi hutaga ndani ya jani, na wakati wa kugeuka hushuka kwenye udongo, kwa hiyo hata upigaji mzuri unawaacha waliojificha na baada ya siku kadhaa unawaona tena. Wiki hiyo usikimbilie kubadilisha stika. Na ile pairethroidi ya mwanzo, tuliirudia na nozeli mpya, silikoni na maji yaliyorekebishwa, vikaratasi vikaonyesha imefika hadi moyoni, na wadudu wakaendelea kula. Walikuwa wameizoea. Nilihuzunika, lakini angalau safari hii nilijua ni dawa. Sasa nazungusha kwa namba ya kundi, yaani namna dawa inavyoua, iliyoandikwa kwenye lebo, si kwa jina la chupa, maana majina matano yanaweza kuwa kundi moja. Naangalia pia namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa inayoshika zaidi na kupenya zaidi haiondoki upesi.

Inapenya na ngozi vilevile. Mchanganyiko wenye kiongezeo unatandaa kwenye mkono wa mtu kama unavyotandaa kwenye jani. Glovu, buti na koti si vya kusubiri dawa kali. Nyuki nao: maji yenye silikoni yanawadhuru, kwa hiyo kitunguu cha mbegu kikichanua tunapiga jioni wakiwa wamerudi mzingani. Alfajiri ina kasoro yake, umande. Jani lenye umande likipata silikoni linachuruzika lote.

Mgogoro ambao sikuutarajia ulikuwa wa malipo. Nilipotoka bomba 13 hadi 9 nilikuwa nimekata ujira wa vijana karibu theluthi moja, na nilikuwa nawataka waende polepole zaidi, waoshe chujio, wapime kwa sirinji. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mama, stika yako inakula hela yangu." Alikuwa sahihi. Kwa siku mbili tatu nilikuta bomba zimerudi kuwa nyingi na udongo umelowa. Tulikaa chini tukakubaliana kulipana kwa ekari, kwa kiasi kile kile walichokuwa wakipata kwa bomba 13. Sikuokoa kitu kwenye ujira. Nilichookoa ni dawa: mapigo yalipungua, na chupa ya silikoni ilidumu msimu mzima kwa bei ya chini ya nusu ya dawa moja nzuri. Mavuno ya mwaka ule hayakunirudishia yote niliyokuwa nimemwaga mwanzoni, kwa sababu majaruba yaliyoungua na kupata baka zambarau yalitoa vitunguu vidogo ambavyo madalali walivichukua kwa bei ya mwisho.

Majirani wengi bado wanalipa kwa bomba. Ukiajiri wapigaji na unataka kupunguza maji, ongea nao habari ya malipo kwanza, ndipo uende dukani.